Baskeli kongwe na vifaa vyake: isome dalili kabla hujanunua

Baskeli kongwe nyingi zinazofufuliwa hapa Unguja hazisumbui kwa uchakavu. Zinasumbua kwa vifaa vipya zilivyotiwa. Fremu ya Raleigh ya miaka ya 1950 imekula chumvi ya bahari miaka na miaka na bado inabeba mtu na gunia lake la mbata. Kinachomchosha mwenyewe ni kile kifaa alichonunua juzi, kikaingia kwa shida, muuzaji akamwambia: "Kinakaa hicho, ami, kaza tu."

Vifaa vinatufikia kwa njia tatu. Vipo vipya vya India na China vinavyouzwa madukani Darajani na Mwanakwerekwe. Zipo baskeli za mitumba kutoka Japani, ambazo zikishachoka huchinjwa kwa ajili ya vifaa. Na yapo mabaki ya baskeli kongwe zenyewe, yanayoning'inia kwa mafundi wa Ng'ambo na huko mashamba. Kila njia ina vipimo vyake, na balaa ni kwamba vipimo hivyo vinakaribiana mno. Nusu milimita hapa, meno mawili ya hesi, ile mikato ya skrubu, pale. Macho hayaoni tofauti, na spana ndefu hulazimisha hata kisichofaa kiingie.

Kwa hiyo anza na dalili, utafute chanzo chake, ndipo uulize bei.

Kwanza ijue baskeli yako ni ya nani

Nembo ya mbele mara nyingi imeshang'oka au imefunikwa na rangi. Angalia gia kubwa ya mbele, pale mnyororo unapopita. Ikiwa chuma kimechongwa vichwa vya korongo, hiyo ni Raleigh. Kiganja cha mkono ni Rudge. Vijitu vilivyopangwa duara ni Humber. BSA wao wameandika herufi zao wazi. Hao ni watu wa Birmingham walioanza kwa kutengeneza silaha, na ndiyo maana nembo yao ina bunduki tatu zilizoegemezana.

Hili si la kujifurahisha tu. Raleigh walikuwa na hesi yao wenyewe, meno 26 kwa inchi, kwenye vikombe vya gololi vya ekseli ya kati, ile inayobeba mikono ya pedali, na kwenye shingo ya foku. BSA walitumia meno 24, na kipimo hicho ndicho kilichokuja kuenea duniani, Japani ikiwemo. Raleigh waliichukua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baskeli za BSA mwaka 1957. Basi Humber ya baada ya vita ni jamaa wa Raleigh, na nyingi hupokea vifaa vya Raleigh. BSA ya kabla ya 1957 si jamaa yao hata kama zinafanana rangi na umbo. Ukilijua hili peke yake, nusu ya safari za dukani umeshaziepuka.

Ikiwa ina gia tatu za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, futa habu ya nyuma kwa tambara lenye mafuta ya taa. Utaona Sturmey-Archer, jina la watengenezaji, kisha AW, aina ya habu, kisha namba. Ikiandikwa 58 na pembeni 7, habu ilitengenezwa Julai 1958. Hiyo ni tarehe ya habu. Fremu inaweza kuwa na umri mwingine, maana magurudumu huhama.

Mguu unahisi kitu kinaruka mara moja kila mzunguko

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na watu hukimbilia kununua pedali. Ngoja kwanza. Inuka kwenye kiti uendeshe umesimama. Mruko huo ukipotea, tatizo ni kiti. Ukibaki, shuka. Weka mikono yote miwili ya pedali ilale sawa na ardhi, mmoja mbele mmoja nyuma, uziegemee pedali zote mbili kwa viganja. Zungusha nusu, uegemee tena. Mkono mmoja ukicheza japo kidogo huku mwengine umetulia, kosa liko kwenye pini inayoushikilia mkono huo kwenye ekseli, ile yenye ubapa upande mmoja na nati upande wa pili.

Pini za Kiingereza zina unene wa milimita 9.5. Zipo za milimita 9 kwa baskeli za Ulaya bara, na dukani huchanganywa kopo moja. Ile nyembamba huingia kwa raha, na raha hiyo ndiyo ya kuitilia shaka: hesi inajitokeza mno upande wa pili, nati inakwama mwisho wake kabla haijabana chochote. Kinyume chake, pini ikigoma na hesi haitoki vya kutosha kushika nati, unene ni sahihi ila ubapa umekatwa kidogo mno. Hapo ndipo pa kuusaga ubapa kwa tupa.

Kupiga tupa kuna namna yake. Paka ubapa masizi ya sufuria, ingiza pini, igonge kidogo, itoe. Masizi yaliyofutika yanakuonesha pini inagusa wapi. Ikigusa kwenye ncha tu, mshazari wa ubapa haulingani na wa ekseli, na hata ukikaza kutwa nzima italegea kesho. Piga tupa polepole mpaka iguse sehemu kubwa ya ubapa. Pini mpya nyingi zinazokuja siku hizi ni za chuma laini. Hujibonyeza wiki ya kwanza. Ukipata kongwe isiyoliwa hesi, ithamini kuliko mpya tatu.

Wengi hudhani nati ndiyo inayoivuta pini ndani. Nati kazi yake ni kuzuia isirudi. Kinachoiingiza ni nyundo, na chini ya mkono wa pedali lazima kuwe na kitu cha kuupokea: kipande cha bomba kilichosimamishwa sakafuni, pini ikapita katikati yake. Ukigonga bila bomba, kipigo chote kinakwenda kwenye gololi na vikombe, ukatibu hiki ukaua kile. Baada ya mwendo wa siku moja, gonga tena kidogo na ukaze nati.

Na kama mikono ya pedali haikai mstari mmoja, yaani mguu mmoja unafika chini kabla ya mwenzake, pini moja imeingizwa kinyume. Ukiitazama baskeli, nati moja iangalie juu na ya pili chini. Zikiwa zimeelekea hivyo na bado mikono imepinda, basi ubapa wa pini hizo mbili haulingani. Nunua mbili za aina moja, uzipige tupa pamoja.

Ekseli ya kati inayumba, au kikombe kipya hakitaki kuingia

Shika mkono wa pedali karibu na fremu, usukume na kuuvuta kuelekea upande. Ukicheza, na pini zote zimebana, vikombe vimelegea au gololi zimekwisha. Mara nyingi fundi atavua kikombe cha kushoto, aone kimeliwa, alete kipya kilichotoka kwenye baskeli ya Japani. Kinaingia mizunguko miwili kisha kinakuwa kigumu. Hapo ndipo spana ndefu inapoletwa, na hapo ndipo fremu inapoharibika.

Kikombe hicho ni cha meno 24, fremu yako ni ya 26. Mizunguko miwili ya mwanzo haithibitishi kitu, maana tofauti bado haijajikusanya. Kipime kwa rula: hesabu meno ndani ya nusu inchi. Kumi na mbili si chako, kumi na tatu ndicho. Kikombe sahihi kilichosafishwa huingia karibu chote kwa vidole. Nyumba ya ekseli nayo huwa pana zaidi kwenye Raleigh nyingi, milimita 71 badala ya 68 za kawaida, kwa hiyo ekseli ya Japani ikikaa ndani mikono ya pedali husugua fremu au mnyororo hukaa upande.

Utaambiwa hesi ipigwe upya iwe ya 24. Inawezekana, lakini meno yanayobaki ni mafupi na chuma kilichoondoka hakirudi. Kwa fremu unayoipenda, mimi siikubali kazi hiyo mpaka njia nyingine zote zimeshindikana. Na njia zipo. Kikombe cha kulia usikiguse kama hakikupasuka. Kikiwa na vishimo vidogo bado kinavumilika. Na ukilazimika kukivua, kumbuka hesi yake ni ya kinyume: hufunguka kwa kugeuzwa kama mshale wa saa unavyokwenda. Vikombe vingi vimevunjwa masikio kwa kutolijua hilo.

Anza na cha bei nafuu. Gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, zikiwa huru bila kile kikapu cha bati kinachozishika. Kikapu hubeba chache na uzito hauenei. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye na kongwe, kwani zile mpya ambazo ni kubwa kwa unywele ndizo zitakazobeba mzigo wote. Ikiwa bado inakwaruza, tafuta ekseli. Kisha kikombe cha kushoto. Kwa mpangilio huo wengi huishia kwenye gololi na grisi.

Tairi linavuka, au haliingii kabisa

"Nipe tairi la ishirini na nane." Muuzaji anakupa, unafika nalo nyumbani, linavaa rimu kwa vidole vitupu bila hata kijiko. Unajaza upepo, linachomoka ukingoni, tyubu inapasuka kama fataki.

Sababu ni kwamba 28 ni zaidi ya moja. Baskeli kongwe ya breki za fimbo huvaa 28 × 1 1/2, ambayo kipenyo cha mahali tairi linapokaa ni milimita 635. Baskeli mpya za barabarani huvaa 700C, nazo watu huziita 28, lakini kipenyo chake ni 622. Milimita kumi na tatu. Ukichukua tairi la 635 ukalitia kwenye rimu ya 622, ndiyo hiyo fataki. Ukifanya kinyume, hutalipandisha hata kwa vijiko vitatu, na utaibana tyubu mpaka itoboke.

Kwenye 26 mambo ni mabaya zaidi. Raleigh za michezo zilivaa 26 × 1 3/8, kipenyo 590. Baskeli za milimani huvaa 26 × 1.75 au 1.95, kipenyo 559. Namba ya sehemu na namba ya desimali hazibadilishani, hata kama kwa hesabu za skuli zinakaribiana. Mitumba ya Japani inatuletea 26 × 1 3/8 ambayo ni ileile 590, na hiyo ni neema; tairi na tyubu zake zinaingia kwenye Raleigh bila neno. Lakini inatuletea pia 27 × 1 3/8 yenye kipenyo 609, wakati 27 × 1 1/4 ya Kiingereza ni 630. Kwa hiyo usitaje inchi peke yake. Soma ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari, kwa mfano 40-635 au 37-590. Ya kwanza ni unene, unaweza kucheza nayo kidogo. Ya pili ndiyo kipenyo, na hiyo haichezewi.

Rimu yenyewe ikishatobolewa na kutu kwenye matundu ya spoku, ugonjwa wa kawaida kwetu, tatizo linahamia kwenye hesabu ya matundu. Baskeli kongwe nyingi za Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Rimu za Japani zina 36 mbele na nyuma. Watu huona rimu ya Japani isiyoshika kutu, inang'aa, wakaipenda, kisha wakalazimika kutupa habu ya Sturmey-Archer kwa sababu matundu hayalingani. Wakati huohuo rimu ya Kihindi ya baskeli nyeusi za mizigo, ile inayodharauliwa, ni 28 × 1 1/2 na hutoka kwa matundu 32 na 40. Haipendezi sana na kromu yake ni nyembamba, lakini ndiyo yako. Ipake nta kabla hujaifunga, hasa ndani.

Gia tatu: pedali linateleza ghafla

Kwa Unguja mtu anaweza kuishi na gia moja. Pemba hapana, njia ya Chake Chake kwenda Wete ni kupanda na kushuka, na hapo pedali likiteleza umesimama juu yake ni hatari.

Usinunue kitu bado. Habu ya AW ina mahali kati ya gia ya pili na ya tatu ambapo haishiki popote. Waya ukilegea au ukikaza mno, unajikuta hapo. Weka kishikio cha gia kwenye namba 2, kisha chungulia tundu la ile nati ndefu ya upande wa mnyororo. Kijiti kinachounganika na kijinyororo cha waya wa gia kiwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kikiwa kimetokeza au kimezama, rekebisha kwa ile nati ndogo ya waya. Kama hakuna tundu la kuchungulia, mtu aliweka nati ya kawaida. Tafuta ya asili, maana bila hiyo kijinyororo hupinda na kukatika. Nati ya Japani ya milimita 10 hata usiijaribu, ekseli hii ni nene kuliko hiyo.

Waya ukiwa sawa na bado inateleza, sababu karibu kila mara ni mafuta yaliyoganda yaliyovinata vile vijino vya ndani. Watu wametia mafuta ya nazi, wametia grisi. Mimina mafuta ya taa kwenye kile kitundu chenye kifuniko, zungusha gurudumu, yaache yatoke, rudia mpaka yatoke masafi, kisha tia mafuta mepesi ya mashine. Habu hizi zimetengenezwa tangu 1936, na viungo vyake vingi vya ndani vilibaki vilevile kwa miongo. Habu iliyokufa kwa jirani ni ghala ya vipuri kwa yako.

Breki za fimbo hazishiki

Angalia raba zinagusa wapi. Breki hizi huvuta raba juu zikabana upande wa ndani wa rimu, kando ya spoku, kwa hiyo rimu lazima iwe ile yenye mabega ya mviringo. Ukitiwa rimu ya ubavu bapa, iliyotengenezwa kwa breki za kubana kutoka pembeni, raba zitagusa ukingo tu, na hakuna kukaza fimbo kutakakosaidia. Rimu ikiwa sahihi, tazama kama gurudumu ni duara: raba ikigusa mahali pamoja tu ukizungusha, ni kazi ya spoku, si ya breki. Raba zilizokauka zikang'aa, zipige msasa. Na wakati wa masika chuma kilicholowa hakishiki hata kila kitu kikiwa sawa. Anza kuvuta breki mapema.

Usukani unajishikia katikati

Vishimo vya gololi kwenye vikombe vya shingo. Usukani unaponyooka, gololi zote huanguka kwenye vishimo vyake kwa pamoja. Vikombe vipya vya Raleigh ni adimu, na hesi ya foku nayo ni 26, kwa hiyo vya Japani havisaidii. Toa kikapu, tia gololi huru za ukubwa uleule. Idadi ikibadilika, haziangukii tena vishimoni zote mara moja. Utapata miaka.

Mnyororo unaruka

Hesabu viungo kumi na viwili kamili, pini hadi pini: mnyororo mpya ni inchi 12 barabara. Ukizidi kwa 1/16, ubadilishe. Ukizidi kwa 1/8, gia ya nyuma nayo imeshaliwa, na mnyororo mpya peke yake utaruka vibaya kuliko mkongwe. Upana uwe 1/8. Ule mwembamba wa baskeli za gia nyingi haukai kwenye meno haya.

Taa ya habu inafifia

Kama habu ya mbele ni nene kama kopo, ina dainamo ndani, volti 6. Safisha ncha za waya kwanza, kisha jaribu balbu. Balbu yenye nguvu kubwa kuliko ya asili itaonekana kama dainamo mbovu. Usiitenganishe sumaku na koili yake kwa udadisi. Sumaku ikitolewa bila pete ya chuma ya kuipokea hupoteza nguvu, na hakuna kipuri utakachonunua kuirudishia.

Rangi

Iwe ya mwisho, baada ya kila kifaa kujaribiwa barabarani. Kabla ya kupuliza, funga vizuri hesi za ekseli ya kati na za shingo kwa grisi na karatasi, na ziache bila rangi zile nyuso za fremu na foku ambapo nati za magurudumu hubana. Rangi nene hapo husagika, nati ikalegea, gurudumu la nyuma likajivuta upande ukidhani mnyororo umerefuka. Kromu yenye kutu ya juujuu haihitaji rangi: sugua kwa karatasi ya alumini na maji, suuza, kausha juani, paka mafuta mepesi siku hiyohiyo, maana hewa ya pwani haingoji asubuhi.